Gari Iliyokunywa Mafuta ya Wenzake

Kwanza apa. Shika ulimi wako kwa vidole viwili, hivi, useme: haya nitakayosikia yatalala tumboni mwangu mpaka siku nitakayofukiwa. Umeapa? Vizuri. Mimi pia niliapa hivyohivyo mbele ya Generose mwenyewe, jikoni kwake, sombe, yale majani ya mihogo, ikichemka. Nikashika ulimi, nikasema maneno yote bila kuruka hata moja. Jua halijazama, dada yangu alikuwa ameshajua, na mke wa katekista, na yule mama anayekaanga mikate karibu na daraja. Sasa unajua wewe. Ila ukiulizwa, hukusikia kwangu.

Generose huyu alikuwa mke wa Ndihokubwayo, mtu wa Sange, mwenye Hiace nyeupe yenye mstari wa bluu ubavuni. Mume alipokufa kwa homa, shemeji zake walikuja siku ya arobaini kuchukua gari. Walikuta Generose amekalia funguo. Alizikalia kweli, kwenye kigoda, na hakuinuka mpaka wakachoka wakaenda zao. Kisha akajifunza kuendesha kwenye mchanga wa kando ya ziwa. Katika wiki tatu aliua bata wawili na hakuua mtu, akajiona ameiva.

Basi katika parking yetu ya Uvira palikuwa na mashofere kumi na mmoja, na yeye tu ndiye mwanamke. Unajua watu. Kuna walionong'ona kwamba homa ile ilikuwa na jina, na jina lenyewe lilikuwa Generose.

Mwaka ule vita vilikuwa vimeshuka tena toka milimani. Mchana ulisikia bunduki huko juu kama mtu anayepasua kuni. Saa kumi na mbili ya magharibi askari walifunga njia, na ukikutwa nje ni shauri yako. Gari za kwenda Kamanyola ziliondoka alfajiri kwa mstari, zote kumi na moja, zikarudi mchana kwa mstari, maana bondeni, kati ya Mutarule na Sange, watu wenye bunduki walikuwa wanatokea kwenye mihogo kama panya. Sheria ya mstari ilikuwa moja. Ukisimama, umesimama peke yako.

Alfajiri wale kadafi wanaouza esansi, petroli yenyewe, kwenye chupa kando ya barabara walikuwa bado wamelala. Kwa hiyo kila shofere alijaza tangi jioni, bidoni mbili, yaani madumu mawili, akaacha gari ndani ya parking, akakimbilia nyumbani kabla njia haijafungwa. Bidoni mbili: Kamanyola kwenda na kurudi, na inabaki ya kulowesha kitambaa. Walihesabu hivyo kwa sababu katika gari zile hakuna hata moja ambayo mshale wa mafuta ulikuwa hai. Ukitaka kujua kilichobaki unatumbukiza tete refu ndani ya tangi, unatazama limelowa mpaka wapi. Na vifuniko vya tangi vilishapotea zamani. Waliziba kwa plastiki na kipande cha kitenge.

Ila Frédéric. Frédéric alikuwa na kifuniko cha chuma chenye kufuli, alichokitoa Bujumbura, na ufunguo aliuvaa shingoni kwenye uzi mmoja na medali ya Bikira Maria. Wenzake walimcheka. "Muntu anafunga esansi kama bibi yake," walisema. Naye alijibu, "Bibi yangu sifungi, yeye haibiwi."

Jioni moja Generose alikuwa anamimina bidoni yake ya pili. Jua limegusa milima, ndagala, dagaa wa ziwa letu, zinanuka kwenye mchanga, watu wanaharakisha. Vainqueur akamjia nyuma, kimya, kama alivyozoea. Huyu Vainqueur alikuwa kijana wa meno meupe aliyekaa ndani ya parking, kwenye kontena la chuma, akiuza nyaya za simu na redio za gari. Alikuwa na sauti ya mtu anayesoma somo kanisani.

"Mama Generose. Gari yako iko nakunywa kama mulevi."

"Inakunywa ya kwake. Haijaomba ya mama yako."

Akacheka. Akafungua kiganja. Ndani palikuwa na kidude cheusi, kidogo kama kiberiti, chenye taa ndogo kama punje ya ulezi.

"Iko nini hii?"

"Puce. Inatoka Dubai. Unaichomeka hapa pa kuwashia sigara, inasema na moteri. Inaipa nguvu ya kupanda, na inaizuia kunywa sana."

"Inasema nayo luga gani?"

"Mama, weye unapenda kuchekesha."

"Sichekeshi. Hii moteri ilizaliwa mbele yako. Haina masikio."

Frédéric alikuwa anafunga kufuli yake pembeni, akasikia. "Generose," alisema, "wiki inayokuja hiyo kitu itakuomba na ugali."

Lakini Vainqueur hakutaka chochote. Weka wiki moja tu, alisema, isipofanya kazi unirudishie. Kitu cha bure kina mlango mpana. Generose akakichomeka. Taa ikawaka kijani. Ikazima. Ikawaka. Kama jicho linalopepesa.

Kesho yake aliporudi toka Kamanyola alitumbukiza tete ndani ya tangi. Lilitoka limelowa robo.

Alitazama tete. Akalinusa. Akalitumbukiza tena.

Siku ya tatu lililowa karibu nusu. Akawaambia wenzake, na hapo ndipo alipokosea, maana mtu akibarikiwa afunge mdomo. Mashofere wawili wakamkimbilia Vainqueur. Zao nazo zikaanza kunywa kidogo. Gari zilikuwa zinapanda kilima kwa mlio uleule wa zamani, kikohozi kilekile, moshi uleule. Lakini mafuta hayakuisha. Generose alifurahi mchana. Magharibi, akiiona taa ile, moyo wake ulikuwa unakunjamana kama jani la tumbaku. Kitu kinachokula kidogo nyumbani, nyanya yake alikuwa akisema, kinakula wapi?

Jibu halikukawia.

Wa kwanza alikuwa Papa Anastase, prezida wa mashofere, mtu mzima mwenye suti moja na adabu nyingi. Bidoni mbili alijaza kwa mkono wake, alfajiri hakupima tena maana mstari haungoji, na kwenye kurudi akakaukiwa kabla ya kufika Sange. Abiria waliisukuma gari huku wanasali. Kisha mwingine akakauka. Kisha Anastase tena. Walijaribu kubeba chupa za akiba. Askari wa bariera za njiani wakazinyang'anya. Na wote waliokauka hawakuwa na puce.

Sasa sikia. Watu wa bonde la Ruzizi jambo hili wanalijua tangu mababu. Wewe unalima mpunga, unapalilia, unafukuza ndege mpaka sauti inakauka. Jirani yako amekaa tu. Siku ya kuvuna magunia yako mepesi, yake yamejaa. Mpunga umetembea usiku. Ndiyo maana utaona mafundo ya majani kwenye kona za mashamba, na hakuna mwenye shamba atakayekwambia ameyafunga yeye. Basi fikiri mwenyewe. Kama mpunga wenye mizizi unatembea, esansi isiyo na mizizi itashindwa?

Wakaanza kumtazama Generose. Akiingia, kicheko kinakatika. Akikaa kwenye benchi, benchi inabaki ya kwake.

Kisha ikawa siku ile ya Frédéric.

Walikuwa wanarudi, wamepita njia ya Mutarule. Generose alikuwa mbele yake. Kwenye kioo aliiona Hiace ya Frédéric inapunguza mwendo, inapunguza, kama mtu anayesinzia. Aliwaona abiria wanaruka, wanakimbia barabarani, wanadandia gari za nyuma zikiwa zinakwenda. Frédéric hakuruka. Alikuwa ameinama, anageuza ufunguo, anageuza... Mali yote aliyokuwa nayo duniani ilikuwa ile. Mihogo ikatikisika.

Generose hakusimama. Sheria ya mstari.

Askari walimrudisha kesho yake ndani ya turubai. Hiace yake ilivutwa kwa kamba, ikawekwa mwisho kabisa wa parking, chini ya ukuta, vioo vimevunjika. Kufuli ya tangi ilikuwa mahali pake, imefungwa. Ufunguo na medali walimpa Aline, mjane wake, na Aline akavivaa.

Kwenye maziko Vainqueur alibeba msalaba. Alilia mpaka wanawake wakaulizana ni ndugu wa upande gani. Udongo ulipokwisha kuwekwa, Aline alipita katikati ya watu, akafika mbele ya Generose, karibu sana, akasema kwa kunong'ona.

"Mafuta ya bwana yangu iko wapi?"

"Aline..."

"Alijaza bidoni mbili. Minye mwenyewe nilikuwa nimeshika torshi. Iko wapi?"

Wale wawili wenye puce walizitupa ziwani siku hiyohiyo, wakaapa kwamba waliponzwa na mwanamke. Mkutano ukaitwa. Watu wakamuuliza Vainqueur, na Vainqueur akainamisha kichwa kwa huzuni.

"Puce iko tu mashini," alisema. "Inafata roho ya mwenye gari. Roho ikiwa na njaa, minye nitafanya nini?"

Papa Anastase alimtoa Generose pembeni. "Mama, minye sisemi kitu. Watu ndio wanasema. Mpaka siku ya Mungu, hii Jumapili inayokuja, utoke Uvira, ao uonyeshe kama mikono yako iko safi. Siku hiyo ikipita sitaweza kuwazuia."

"Nitoke niende wapi, Papa? Sange ndio kule kwenye mihogo."

Mzee akafunga vifungo vya suti yake, akarudi mkutanoni.

Alhamisi asubuhi Generose alikuta pneu, tairi la gari, imelala mbele ya mlango wake. Pneu kuukuu. Katikati yake, kiberiti kipya. Wewe ni mtu wa hapa, sina haja ya kukueleza pneu na kiberiti ni maneno gani. Mwaka uliotangulia mzee mmoja aliambiwa maneno hayohayo, na mpaka leo lami ya pale alipochomewa ina doa.

Jioni ile akaamua. Atachomoa kidude, atakitupa ziwani kama wenzake, atapiga magoti mbele ya Aline. Saa kumi na mbili kasoro kidogo aliingia parking. Kwenye geti mlinzi Sévère alikuwa ameshalala kwenye kiti chake, kofia puani. Mzee yule alikuwa analala kabla ya kuku. Gari zilikuwa zimejipanga kwenye giza linaloanza. Hakuna mtu.

Aliona taa kwa mbali.

Kijani. Giza. Kijani.

Lakini funguo za gari zilikuwa mkononi mwake. Gari ilikuwa imezimwa. Taa inakula nini?

Akasogea. Alipofika kwenye mlango wa Hiace yake alisikia sauti.

Fyoo...

Alifikiri ni kiboko. Viboko wanatoka ziwani jioni, wanakula majani mpaka mlangoni pa watu. Lakini kiboko anang'oa. Hiki kilikuwa haking'oi.

Fyoo... fyoo... glu.

Kilikuwa kinanyonya.

Harufu ya esansi ikamfunika kama shuka. Akainama, polepole, akatazama chini ya gari. Magurudumu, magurudumu, magurudumu. Na kule mbali, kati ya gari ya Papa Anastase na nyingine, kitu kimepiga magoti kwa miguu minne. Kichwa kimebanwa kwenye ubavu wa gari. Kama ndama kwenye kiwele.

Kikaacha kunyonya.

Kikageuza kichwa upande wake.

Generose hakumbuki alivyofika nyumbani. Anakumbuka tu kwamba kiatu kimoja hakikufika naye, na kwamba kwenye ngumi yake alikuwa na kile kidude. Alikichomoa bila kujua, na kilikuwa kinapepesa bado, kati ya vidole vyake, bila gari, bila moto, bila kitu.

Mwingine angekitupa chooni. Yeye alifunga mlango, akawasha koroboi, akachukua kisu cha sombe. Aliniambia alijikata mara mbili. "Nilisema, kama ni kufa, nife nimejua ninauawa na nini." Akapasua.

Ndani palikuwa na taa. Na betri moja ya saa ya mkono. Na nyaya mbili fupi. Na mchanga, kijiko kimoja, ili kidude kiwe na uzito mkononi.

Hakuna kingine.

Akautandaza mchanga ule mezani kwa ncha ya kisu. Kidude hakisemi na moteri. Hakisemi na mtu yeyote. Basi yale mafuta yaliyolowesha tete mpaka nusu yaliingiaje? Kitu kisichokuwa na kitu hakiwezi kunywa, na hakiwezi kunywesha. Yule wa miguu minne alikuwa na mikono. Anatoa huku, anamimina kule. Na kama ana mikono, ana mdomo.

Akaanza kuwapitisha mmoja mmoja kichwani. Sévère, anayelala mno kwa mtu aliyeajiriwa kukesha. Wale wawili. Anastase mwenyewe, kwa nini alikauka mara mbili na hakufa hata mara moja? Vainqueur. Hata Aline. Hofu ikishaingia haichagui.

Ijumaa alikwenda kwa Papa Anastase kwa mlango wa nyuma, akamwekea mchanga na betri mezani. Mzee alivaa miwani. Akavua. Akavaa.

"Iko hii tu?"

"Iko hii tu, Papa. Leo magharibi ujaze tangi yako kama siku zote. Halafu umimine na hii." Akatoa chupa. Ndani ya esansi alikuwa ameloweka pilipili, zile ndogo za kichaka, viganja viwili, zimetwangwa pamoja na mbegu.

Mzee alinusa, machozi yakamtoka. "Unaua moteri yangu."

"Moteri haina ulimi."

"Na kama iko shetani, Mama Generose?"

"Shetani hakohoi, Papa."

Anastase akaiweka chupa chini ya kiti. Lakini alimtazama kwa jicho lile la watu wote, akaongeza, "Na kama hakutakohoa mutu, siku ya Mungu sitakuwa na neno tena."

Ijumaa ile hakuja mtu: alfajiri tangi ya Anastase ilikuwa na bidoni zake mbili kamili. Generose hakulala. Ikabaki Jumamosi na chupa nyingine ya pilipili, na baada ya Jumamosi, pneu.

Jumamosi saa kumi na moja na nusu Vainqueur alitoka kwenda kula maharagwe yake kwa mama wa darajani, kama kila jioni. Ndipo walipoingia kwa wito wa Papa Anastase, mmoja mmoja, bila kusalimiana. Mashofere wote kumi waliobaki. Aline, na kitambaa cheusi. Sévère naye waliingiza, wamemshika mkono. Kwenye kiti chake getini waliacha koti lake limevishwa fimbo, na kofia juu, na kweli hakuna aliyeona tofauti. Walijificha ndani ya Hiace mbili zenye mapazia. Anastase alikaa kwenye usukani wa moja, Generose kwenye usukani wa nyingine, vidole kwenye swichi ya taa. Waliambiwa wasipumue kwa mdomo.

Wakasikia mtu anaingia. Wakasikia geti linafungwa. Mlango wa kontena ukalia. Kisha kimya.

Saa kumi na mbili. Askari walipiga filimbi barabarani.

Giza likashuka. Ziwa lilikuwa linasema peke yake upande wa chini. Aline alikuwa karibu na Generose, bega kwa bega, na bega lake lilikuwa la moto. Akamnong'oneza sikioni.

"Ukitudanganya, kiberiti nitawasha minye."

"Washa."

Wakangoja. Mtu mmoja tumbo lililia, akalishika kwa mikono miwili. Generose alianza kusali kwa Kirundi, bila sauti, midomo tu. Akafika katikati.

Nyayo. Pekupeku, kwenye changarawe.

Kitu kinaburuzwa.

Harufu ya esansi...

Fyoo.

Ndani ya gari hakuna aliyepumua.

Fyoo... fyoo... glu.

Na kisha kikohozi. Lakini si kikohozi cha mtu aliyepaliwa. Kilikuwa mlio wa mbuzi anayekatwa, umetoka tumboni, ukapanda, ukavunjika. Generose akabonyeza swichi. Anastase akabonyeza ya kwake. Parking nzima ikawa nyeupe.

Alikuwa Vainqueur. Amepiga magoti kwa mikono na miguu ubavuni mwa gari ya Papa Anastase, tiyo ya mpira, mrija mrefu, mkononi, bidoni kati ya magoti, mdomo wazi, ute unaning'inia, midomo imeanza kuvimba kama maandazi. Macho yamefumba. Plastiki na kitenge cha tangi amevishika kwa kidole kidogo, kwa adabu, tayari kuvirudisha. Watu wakashuka toka gari zote mbili, wakamzunguka. Hata askari wawili wa barabarani walipanda ukuta kutazama.

"Maji," alisema.

Hakuna aliyekwenda.

Generose akammwagia miguuni mchanga wa kile kidude. Kijiko kimoja. "Sema na hii," alimwambia. "Luga yoyote unapenda."

Akasema yote, kwa mdomo ule uliovimba, kila neno linamchoma. Ndiyo, alikuwa anatoa katika gari zisizo na puce na kumimina katika zenye puce. Watu waione inafanya kazi. Alikuwa na katoni mbili zimejaa kwenye kontena. Hakutaka mtu afe. Alifikiri watakauka tu, wasukume, wacheke, waje wanunue.

"Na bidoni iliyobaki hapo?" Anastase aliuliza kwa upole. "Hii ya leo ulikuwa unapelekea nani? Puce zote zimetupwa."

Vainqueur akatupa jicho gizani, mwisho wa parking.

Aline akapita mbele. Akasimama juu yake. Watu wakampa nafasi, maana kiberiti kilikuwa mkononi na nguo za kijana zilikuwa zimelowa esansi.

"Na ya bwana yangu?"

"Hapana, mama."

"Na ya Frédéric?"

"Ya Frédéric sikugusa. Ninaapa kwa tumbo lililonizaa. Ningeigusa namna gani? Iko na kufuli."

Mkono wa Aline ukapanda wenyewe shingoni. Ufunguo ulikuwepo, kwenye uzi, pamoja na medali. Kabla yake ulikuwa shingoni mwa Frédéric, usiku na mchana, hata akioga. Ufunguo mmoja. Wote walikuwa wanajua. Walimcheka kwa ajili yake.

Bidoni mbili alizijaza. Torshi alishika mke wake. Kufuli ilirudi imefungwa.

Watu walianza kutazamana.

Na hapo, mwisho wa parking, chini ya ukuta, kule ambako taa za gari hazikufika, kwenye Hiace yenye vioo vilivyovunjika...

Fyoo...

Papa Anastase akahesabu kwa macho. Mashofere kumi. Sévère. Aline. Askari wawili juu ya ukuta wa barabarani. Vainqueur kwa magoti, tiyo mkononi.

Fyoo... fyoo... glu.

Wa kwanza kusogea alikuwa mwizi. Alitambaa mpaka kwenye miguu ya Generose, akashika pindo la kitenge chake kwa mikono miwili, akasukuma ile bidoni mbele, kuelekea gizani, polepole, kama mtu anayemwekea mbwa chakula.

"Musiende kule," alinong'ona. "Ile nyingine... minye ninaiachiaga nusu ya bidoni."